ASan au Valgrind: kuchagua chombo cha kunasa makosa ya kumbukumbu katika maktaba ya C

Chukua maktaba ndogo ya C inayosoma mizani kwenye vituo vya kukusanyia majani chai, iwe Vihiga au Nandi. Mizani inatuma baiti kupitia waya, maktaba inazigeuza kuwa rekodi yenye namba ya mkulima na gramu, kisha programu ya juu inachapa risiti. Siku nzima hakuna kinachoanguka. Ila mkulima fulani aliyepima gramu 12,345 ameandikiwa 12,288, na hakuna ujumbe wa kosa popote.

Makosa ya kumbukumbu ndivyo yalivyo: mara nyingi programu haifi, inadanganya tu. Ndiyo maana kuangalia kwa macho au kusubiri ianguke hakutoshi, na ndiyo maana kuna vyombo vya kulinda kila baiti inayosomwa na kuandikwa wakati majaribio yanakimbia. Vinavyotajwa zaidi kwenye Linux ni viwili, AddressSanitizer (ASan) na Valgrind. Watu huvishindanisha kana kwamba vinafanya kazi moja. Havifanyi. Mvuvi wa Dunga haulizi kama wavu wa omena ni bora kuliko wa mbuta. Anauliza leo anatafuta nini.

Jibu fupi kwa mwenye haraka: ASan pamoja na UBSan (mwenzake anayekagua matumizi yaliyo nje ya kanuni za C, kama faharasa iliyopita mwisho wa safu) kila unaposukuma msimbo, Valgrind mara moja usiku, na faza (programu inayobuni data za majaribio) kwa kila funksheni inayopokea baiti kutoka nje. Kama huwezi kujenga upya msimbo kwa sababu umepewa faili ya .so tu (maktaba iliyokwisha kujengwa), Valgrind ndiyo pekee iliyobaki kati ya hizo. Sababu zake ziko hapa chini, na tutazionyesha kwa funksheni moja.

Mistari minne, makosa manne

```c
typedef struct {
    char namba[8];
    uint32_t gramu;
} rekodi;

int soma_rekodi(const uint8_t *b, size_t n, rekodi *r)
{
    size_t urefu = b[4];
    memcpy(&r->gramu, b, 4);
    memcpy(r->namba, b + 5, urefu);
    r->namba[urefu] = '\0';
    return 0;
}
```

Baiti nne za kwanza ni gramu, ya tano ni urefu wa namba ya mkulima, zinazofuata ni namba yenyewe. Aliyezoea C ataona mara moja kwamba `n` haikuguswa kabisa. Hata kompaila ingelisema hilo kama `-Wall -Wextra` zingewashwa, na hizo ni bure, kwa hiyo ziwashe kabla ya kufikiria chombo chochote.

Kosa la kwanza: mizani ikikatika katikati ikatuma baiti 3 tu, `b[4]` inasoma nje ya bafa, yaani eneo la kumbukumbu linaloshika baiti hizo. Kama bafa ilitoka kwa `malloc(3)`, yaani ombi la baiti 3 za kumbukumbu, ASan na Valgrind zote zinapiga kelele. Lakini angalia jaribio lako limeandikwaje. Wengi hutangaza `uint8_t bafa[256]`, wanaweka baiti tatu mwanzoni, kisha wanapitisha `n = 3`. Hapo `b[4]` iko ndani ya bafa kihalali, na hakuna chombo kitakachokuambia kwamba umevuka mpaka. Data ya jaribio inakiliwe kwenye `malloc` ya ukubwa wake kamili, isizidi hata baiti moja. Badiliko hilo dogo huongeza makosa yanayonaswa kuliko kubadilisha chombo.

Kosa la pili ndilo lililokula gramu 57. Namba ya mkulima ikiwa na herufi 7, kila kitu ni shwari. Ikifika 8, `namba[8] = '\0'` inaandika baiti moja baada ya safu, na baiti hiyo ni ya kwanza ya `gramu`. Kwenye kompyuta zetu za kawaida, baiti ya kwanza ndiyo yenye thamani ndogo zaidi. Gramu 12,345 kwa heksa (namba za msingi wa 16) ni 0x3039. Futa 39 ubaki na 0x3000, yaani 12,288. ASan haioni kitu hapa. Valgrind vilevile. Zote mbili zinalinda mipaka ya kipande kizima cha kumbukumbu, na kwa macho yao `rekodi` ni kipande kimoja cha baiti 12. Kuhama kutoka chumba kimoja hadi kingine ndani ya nyumba hiyohiyo si wizi. Anayeona ni UBSan, kwa sababu inajua aina ya safu:

```
runtime error: index 8 out of bounds for type 'char [8]'
```

Kosa la tatu: urefu ukiwa 13 au zaidi, `memcpy` inavuka mwisho wa `rekodi`. Hapa inategemea rekodi inaishi wapi. Ikiwa ilitoka `malloc`, vyombo vyote viwili vinanasa. Ikiwa ni kigezo cha kawaida ndani ya funksheni, yaani iko kwenye steki, ASan inanasa na kukupa jina la kigezo, ila Memcheck, sehemu ya Valgrind inayokagua kumbukumbu, inapita kimya, maana kwake steki yote inayotumika ni eneo halali. Vigezo vya jumla vilivyo nje ya funksheni ni hivyohivyo.

Kosa la nne halina kelele kabisa. Namba yenye herufi 6 inaacha baiti ya mwisho ya `namba` bila kupewa thamani. Kisha mtu anaandika rekodi nzima kwenye faili kwa `fwrite(&r, sizeof r, 1, f)`, na takataka iliyokuwa kwenye steki, ambayo inaweza kuwa kipande cha nywila au cha rekodi ya mtu mwingine, inasafiri hadi kwenye seva. ASan haijali, baiti ipo na ni halali kuisoma. Valgrind inajali:

```
Syscall param write(buf) points to uninitialised byte(s)
```

Ukiongeza `--track-origins=yes`, inakuambia hata funksheni ambayo takataka ilizaliwa.

| Kosa | ASan | UBSan | Valgrind |
|---|---|---|---|
| Kusoma au kuandika nje ya kipande cha malloc | ndiyo | hapana | ndiyo |
| Kuvuka mpaka kwenye steki | ndiyo | kwa faharasa tu | hapana |
| Kuvuka mpaka wa kigezo cha jumla | ndiyo | kwa faharasa tu | hapana |
| Kuvuka safu ndani ya struct | hapana | kwa faharasa tu | hapana |
| Kutumia baada ya free | ndiyo | hapana | ndiyo |
| Kumbukumbu inayovuja | ndiyo | hapana | ndiyo |
| Thamani isiyowekwa | hapana | hapana | ndiyo |

"Kwa faharasa tu" maana yake UBSan inaangalia pale unapoandika `namba[i]` kwenye safu ambayo ukubwa wake kompaila inaujua. `memcpy` yenyewe haiangalii. Urefu ukiwa 10, `memcpy` inafunika `gramu` bila mtu kulalamika, na UBSan inaamka tu kwenye mstari unaofuata. Ondoa mstari ule wa `'\0'` na kosa linabaki bila mlinzi.

Vinafanyaje kazi, na vinakula nini

ASan ilitoka Google na kuingia kwenye kompaila ya Clang 3.1 mwaka 2012, kisha ya GCC 4.8 mwaka uliofuata. Kompaila yenyewe inapachika ukaguzi kabla ya kila kusoma na kuandika. Kwa kila baiti 8 za programu kuna baiti moja ya kivuli inayosema ngapi kati yake ni halali, na pembezoni mwa kila kipande kunawekwa ukanda wa hatari ambao hakuna anayeruhusiwa kuugusa. Kumbukumbu iliyoachiliwa kwa `free` haigawiwi tena papo hapo. Inakaa karantini ya megabaiti 256 ili atakayeirudia anaswe. Programu inakuwa na uzito wa karibu mara mbili kwa muda.

Valgrind, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka 2002, haihitaji kompaila. Inachukua programu iliyojengwa tayari na kuiendesha kwenye kichakato cha kuigiza, agizo kwa agizo, ikifuatilia kila biti kama imepewa thamani. Ndiyo maana inaona thamani zisizowekwa, na ndiyo maana ni ya pole: mwongozo wake wenyewe unataja mara 20 hadi 30. Tena nyuzi zote (threads) zinapewa zamu moja moja, kwa hiyo kompyuta yenye viini vinane haisaidii programu moja kukimbia.

Piga hesabu kwa pesa na dakika. Tuseme majaribio yako yanachukua sekunde 40 bila chombo. Na ASan ni kama sekunde 80. Na Valgrind kwa mara 20 ni sekunde 800, zaidi kidogo ya dakika 13, na GitHub Actions, huduma ya GitHub ya kuendesha majaribio, inapandisha hadi dakika nzima: 14. Hazina ya faragha kwenye mpango wa bure hupewa dakika 2,000 kwa mwezi. Timu inayosukuma msimbo mara tano kwa siku, siku 22 za kazi, inakula 14 × 5 × 22, yaani dakika 1,540 kwa Valgrind peke yake, kabla ya kujenga chochote. Ukiihamishia usiku inabaki 14 × 22, dakika 308. Hazina ya wazi haina mpaka huo kwenye mashine zao za kawaida, kwa hiyo maktaba ya programu huria inaweza kujiachia zaidi.

Laptopu ya gigabaiti 4, ile ya mtumba inayouzwa kila mtaa, inabeba mjengo wa ASan bila shida ukipunguza karantini: `ASAN_OPTIONS=quarantine_size_mb=16`. Bei yake ni kwamba kumbukumbu iliyoachiliwa zamani inarudi mtaani mapema, na anayeitumia baada ya muda mrefu anaweza kuponyoka. Kwenye seva ya majaribio acha 256.

Upande wa bando, Valgrind ni kifurushi kimoja cha `apt`, na ASan inakuja na GCC uliyonayo tayari. Clang ndiyo nzito kupakua, na utaihitaji kwa faza na kwa MSan tu (tutaifikia mwishoni).

Mijengo miwili tofauti

Usijaribu kuendesha mjengo wa ASan chini ya Valgrind. Zote zinataka kutawala kumbukumbu na zitagongana. Weka saraka mbili:

```
cmake -B jenga-asan -DCMAKE_BUILD_TYPE=Debug \
  -DCMAKE_C_FLAGS="-O1 -fno-omit-frame-pointer -fsanitize=address,undefined -fno-sanitize-recover=all"
cmake --build jenga-asan
ctest --test-dir jenga-asan --output-on-failure

cmake -B jenga-vg -DCMAKE_BUILD_TYPE=Debug -DCMAKE_C_FLAGS="-O1"
cmake --build jenga-vg
valgrind --leak-check=full --errors-for-leak-kinds=definite,indirect \
  --track-origins=yes --error-exitcode=99 ./jenga-vg/majaribio
```

Vitu viwili humo vinaonekana kama mapambo lakini ndivyo vinavyobeba kazi. `-fno-sanitize-recover=all`: bila hiyo, UBSan inachapa onyo lake na programu inaendelea mpaka mwisho, inatoka na sifuri, na seva ya majaribio inaonyesha kijani. Na `--error-exitcode=99`: bila hiyo, Valgrind inarudisha namba ileile ya programu. Inaweza kuorodhesha makosa 300 kwenye skrini na bado jaribio likahesabiwa limepita. Tumeona usanidi mwingi wa namna hiyo, miezi kwa miezi, kila mtu akiamini Valgrind inalinda mlango kumbe inaandika daftari ambalo hakuna anayelisoma.

ASan haina tatizo hilo kwa chaguo-msingi: ikikuta kosa la kwanza inasimamisha programu. Hilo nalo lina upande wa pili. Msimbo mkongwe wenye makosa 40 utakuonyesha moja tu kila unapoendesha, ilhali Valgrind inakupa orodha yote kwa mkupuo. Unapopokea maktaba ya mtu kwa mara ya kwanza, anza na Valgrind upate picha ya hali, kisha hamia ASan kwa kazi ya kila siku.

Mahali zinapokwama

Ukitumia Autotools na libtool, vyombo vya kujenga maktaba, ile `./majaribio` unayoiona kwenye saraka huenda si programu bali ni skripti ya shell inayoificha. `valgrind ./majaribio` hapo inakagua shell, inatoa ripoti safi, nawe unafurahi. Tumia `libtool --mode=execute valgrind ./majaribio`, au ongeza `--trace-children=yes` kama skripti ni yako mwenyewe.

Maktaba ikiitwa kutoka Python kwa ctypes (njia ya Python ya kuita msimbo wa C), mjengo wa ASan utagoma kwa kulalamika kwamba haikupakiwa ya kwanza, kwa sababu `python3` yenyewe haikujengwa nayo. Itangulize:

```
LD_PRELOAD=$(gcc -print-file-name=libasan.so) \
ASAN_OPTIONS=detect_leaks=0 python3 -m pytest
```

Ukaguzi wa uvujaji umezimwa hapo kwa makusudi, maana Python inaacha vitu vyake vingi bila kuachilia inapofunga, na ripoti yako itazama humo. Uvujaji upime kwa majaribio ya C yenyewe. Kwa Valgrind weka `PYTHONMALLOC=malloc`, la sivyo Python inagawa kumbukumbu kwa mfumo wake na kuficha mipaka.

Jambo hilo la mfumo wa kugawa kumbukumbu linastahili kutuliwa kidogo, kwa sababu maktaba nyingi zina wa kwao. Unachukua kilobaiti 64 kwa `malloc` moja, kisha unakatakata vipande vidogo kwa haraka. ASan na Valgrind zinaona kipande kimoja cha kilobaiti 64. Kila kinachotokea ndani ni halali kwao, hata kutumia kipande ulichokwisha kukirudisha. Una njia mbili. Ya rahisi: weka swichi wakati wa kujenga inayogeuza mfumo wako kuwa `malloc` na `free` tupu katika mijengo ya majaribio. Ya pili: waambie vyombo wenyewe, kwa `ASAN_POISON_MEMORY_REGION` upande mmoja na `VALGRIND_MAKE_MEM_NOACCESS` upande mwingine, kila kipande kinaporudi. Sisi tungechagua ya kwanza, kwani msimbo wa kuarifu vyombo nao una makosa yake.

Mengine ni ya kupita haraka. ASan hutenga terabaiti nyingi za anwani (za anwani tu, si RAM), kwa hiyo `ulimit -v` kwenye skripti ya zamani inaiua papo hapo. Kwenye kerneli mpya zenye `vm.mmap_rnd_bits` ya 32, matoleo ya nyuma ya ASan hufa yakirudia `DEADLYSIGNAL` bila mwisho. Amri ya `sudo sysctl vm.mmap_rnd_bits=28` inatuliza. Ukaguzi wa uvujaji wa ASan haufanyi kazi ndani ya gdb wala strace, vyombo vya kuchungulia programu inapokimbia. Ukijenga kwa `-march=native` kwenye kichakato chenye maagizo ya AVX-512, Valgrind inaweza kusimama ikidai haitambui agizo. Na jaribio linalosubiri jibu la mizani kwa sekunde 2 litashindwa chini ya Valgrind bila kosa lolote la kweli; zidisha muda huo kwa 30, usilifute jaribio.

Kuhusu uvujaji, zote mbili zinafanya vizuri, tofauti ni wingi wa maneno kwenye ripoti. Valgrind inagawa makundi manne. "Definitely lost" na "indirectly lost" ni za kurekebisha. "Possibly lost" ni ya kuchunguza. "Still reachable" mara nyingi ni jedwali ambalo maktaba ilitenga mara moja na kulishikilia hadi mwisho. Usipoteze Jumatatu yako humo. ASan kwa Linux huliacha kundi hilo la mwisho bila kulitaja.

Utaishia pia na faili ya kunyamazisha makosa ya maktaba za wengine. `--gen-suppressions=all` inakuandikia maneno ya kunakili. Kila ingizo lipewe jina linalosema ni la maktaba gani na kwa nini. Ingizo pana lenye `...` na funksheni moja ya jumla kama `malloc` linaweza kunyamazisha hata makosa yako.

Faza: chombo hakioni njia ambayo hakuna aliyeipita

ASan na Valgrind zinaona tu mistari ambayo majaribio yako yameifikia. Kama kila jaribio lina namba ya herufi 7, urefu wa 8 hautatokea kamwe, na UBSan itakaa kimya mwaka mzima. Hapa ndipo faza inapoingia: programu inayobuni baiti, inaangalia ni matawi gani ya msimbo yamefikiwa, na kuendelea kubadilisha zile zilizofungua njia mpya. libFuzzer inakuja na Clang:

```c
int LLVMFuzzerTestOneInput(const uint8_t *b, size_t n)
{
    rekodi r;
    soma_rekodi(b, n, &r);
    return 0;
}
```

```
clang -g -O1 -fsanitize=fuzzer,address,undefined \
  -fno-sanitize-recover=all faza.c soma.c -o faza
./faza mbegu/ -max_len=64 -max_total_time=600
```

Funksheni yetu inaanguka kwenye jaribio la kwanza kabisa, kwa sababu libFuzzer huanza na data ya baiti sifuri. Nayo inanakili kila data kwenye kipande cha ukubwa kamili, ule ushauri wa juu wa `malloc`. Saraka ya `mbegu/` weka rekodi halisi tano au kumi kutoka mizani, ukishaondoa namba za wakulima. Kila kinachofungua njia mpya kinahifadhiwa humo, kwa hiyo stima ikipotea katikati ya kazi, unaporudi faza inaendelea na ilichokwisha kujifunza. Chaguo-msingi la RAM ni megabaiti 2,048; kwenye laptopu ya gigabaiti 4 shusha kwa `-rss_limit_mb=1024`.

Kinachonaswa kinaachwa kwenye faili inayoanza na `crash-`. Usiifute baada ya kurekebisha. Iingize kwenye hazina ya msimbo na jaribio la kawaida liisome kila mara.

Kosa la kuamini urefu uliotumwa na upande wa pili si la mizani peke yake. Heartbleed, kosa la maktaba ya usimbaji ya OpenSSL lililotangazwa Aprili 2014, lilikuwa na umbo hilohilo: ujumbe unadai urefu wake, msimbo unauamini, na hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya seva zinarudishwa kwa aliyeuliza. Miaka miwili baadaye Google ilianzisha OSS-Fuzz, inayoendesha faza kwa maktaba huria bila malipo.

Faza pamoja na Valgrind ni mchanganyiko mbaya. Faza inaishi kwa kasi, na kasi ikigawanywa kwa 20 unabaki na jua kali bila mvua. Ila unaweza kuchukua saraka ya `mbegu/` baada ya faza kumaliza na kuipitisha mara moja chini ya Valgrind usiku. Hapo unapata thamani zisizowekwa kwenye njia ambazo hukuziwazia.

MSan na mazingira mengine

MemorySanitizer (MSan) inanasa thamani zisizowekwa kama Valgrind kwa kasi iliyo karibu na ya ASan, kama mara tatu. Sharti lake ndilo gumu: ni ya Clang tu, na kila msimbo unaounganishwa lazima ujengwe nayo, la sivyo utajaa lawama za uongo. Kwa maktaba kama yetu isiyotegemea kitu zaidi ya libc, inafaa sana, na inaweza kuchukua nafasi ya Valgrind ya usiku. Kwa maktaba inayovuta nyingine sita nyuma yake, usianze safari hiyo.

Windows haina Valgrind. Tumia WSL2 (Linux ndani ya Windows), au `/fsanitize=address` ya Visual Studio 2019 kuanzia 16.9.

Uchaguzi kwa hali yako

Una .so ya mtu bila msimbo: Valgrind, na ukumbuke haioni makosa ya steki. Maktaba yako inasoma mtandao, faili au vifaa: ASan, UBSan na faza, bila mjadala. Inafanya hesabu nyingi na kuhifadhi struct nzima kwenye diski: ongeza Valgrind au MSan, kwa sababu takataka kwenye faili ndiyo hatari yako kubwa. Ina nyuzi nyingi: ongeza mjengo wa tatu wa `-fsanitize=thread`, ambao hauchanganyiki na ASan, na ujiandae kwa kasi kushuka mara 5 hadi 15. Uko peke yako na jioni moja tu: mjengo wa ASan na UBSan, data za majaribio kwenye `malloc` kamili, ulale.

Marekebisho ya funksheni yetu ni haya:

```c
    if (n < 5) return -1;
    size_t urefu = b[4];
    if (urefu >= sizeof r->namba || urefu > n - 5) return -1;
    memset(r, 0, sizeof *r);
```

Namba ya herufi 8 sasa inakataliwa badala ya kula gramu. Kama namba hizo zipo kweli vituoni, panua safu iwe `namba[9]`, lakini fahamu kwamba kompaila itaacha pengo la baiti 3 kabla ya `gramu`, struct itoke baiti 12 hadi 16, na faili za zamani hazitasomeka tena kwa `fread` ileile. Pengo hilo pia halina thamani, na ndilo `memset` inalolifuta. Iondoe uone Valgrind ikirudi na ujumbe wake.

Na kabla hujaiamini seva ya majaribio, irudishie funksheni mbovu kwenye tawi la kando, sukuma, uhakikishe inageuka nyekundu kwenye mijengo yote miwili. Ikibaki kijani kwenye mmoja, angalia kwanza `--error-exitcode` na urefu wa data yako ya majaribio.